Jinsi ya Kupata Maana ya Kweli ya Jina la Kihindi, Hatua kwa Hatua

Wanaotafuta maana ya jina la Kihindi hukosea mahali pamoja. Wanalichukua jina kama lilivyoandikwa kwa herufi zetu, wanalitia kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapokea jibu la kwanza linalojitokeza. Jibu lenyewe huwa "zawadi ya Mungu", "binti mfalme" au "mwenye nuru". Mwanamke mwenye jina la Sita ataambiwa ni "binti mfalme", wakati neno lenyewe ni mfuo unaochorwa na plau shambani.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jina moja mkononi: la mtoto anayetarajiwa, la bibi aliyetoka Kutch, la jirani, au la mhusika wa hadithi unayoiandika. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kamusi inakuja katika hatua ya sita, na hapo ndipo mahali pake. Ukianza nayo utarudi pale pale ulipokwama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la mtu, sehemu zote, kama lilivyo kwenye hati.
- Jina hilo hilo kwa maandishi ya lugha yake: Devanagari kwa Kihindi na Kimarathi, Kigujarati, Gurmukhi kwa Kipunjabi, Kitamil, au Kiurdu.
- Mahali familia ilipotoka. "India" haitoshi. Gujarat, Punjab, Goa, Kerala, Bengali, Tamil Nadu: kila moja ina desturi yake.
- Kamusi tatu zinazopatikana bure mtandaoni: ya Kisanskriti ya Monier-Williams (toleo la 1899), ya Kiurdu na Kihindi ya Platts (1884), na Tamil Lexicon ya Chuo Kikuu cha Madras. Mbili za kwanza zinafafanua kwa Kiingereza, na ya tatu kwa Kitamil na Kiingereza.
- Mtu mzima wa familia hiyo wa kumwuliza, ikiwezekana shangazi.

## Hatua ya 1: Tenga jina la mtu na yanayoandamana nalo

Ukiruka hatua hii utapata maana sahihi kabisa ya jina lisilohusika: la baba yake, au la kazi ya babu wa babu yake.

Kwa Wagujarati, ambao ni sehemu kubwa ya Wahindi wa Afrika Mashariki, mpangilio ni jina la mtu, la baba, kisha la ukoo. Mohandas Karamchand Gandhi: Mohandas ndiye mwenyewe, Karamchand ni baba yake, na Gandhi ni neno la Kigujarati la mwenye duka la viungo na manukato. Patel asili yake ni cheo cha mkuu wa kijiji. Usilitafutie maana kama jina alilopewa mtoto.

Kusini mambo yanageuka. Kwa Watamil jina la baba hutangulia, mara nyingi kwa herufi moja tu. Bingwa wa zamani wa dunia wa sataranji, Viswanathan Anand, jina lake ni Anand, yaani furaha. Viswanathan ni baba yake, na waandishi wa habari wa nchi za nje wamemwita kwa jina la baba kwa miaka mingi.

Kisha vua nyongeza za heshima. *Bhai* ni kaka na *ben* ni dada. Kwa Wagujarati hubandikwa mwishoni mwa jina la mtu mzima. Vallabhbhai Patel ni Vallabh, "mpendwa". Kumar, Lal, Chand, Devi na Rani nazo ziweke kando kwa muda.

Kwa Kalasinga, wanaume hubeba Singh (simba) na wanawake Kaur, desturi iliyotokana na kuundwa kwa Khalsa, udugu wa Kalasinga, na Guru Gobind Singh mwaka 1699. Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyewekwa kizuizini Kenya na wakoloni, jina lake ni Makhan: siagi.

Angalizo: Singh peke yake haimfanyi mtu kuwa Kalasinga. Warajput wengi ambao ni Wahindu hulitumia pia. V. P. Singh, waziri mkuu wa India kuanzia 1989 hadi 1990, alikuwa mmoja wao.

Umefaulu ikiwa: una neno moja mkononi na unajua kwa hakika kwamba ndilo alilopewa huyo mtu.

## Hatua ya 2: Jua jamii, ndipo utajua lugha

Jina la Mhindi linaweza kutoka Kisanskriti, Kitamil, Kiarabu, Kiajemi, Kireno au Kisiria. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na baadaye dunia ikamjua kama Freddie Mercury, alitoka familia ya Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi: Farrokh ni Kiajemi, "mwenye bahati njema", na Bulsara linatokana na mji wa Bulsar, Gujarat, ambao leo unaitwa Valsad. Pio Gama Pinto wa Kenya alikuwa Mgoa, na jina lake lote lilipitia Ureno. Ukikutana na Varghese au Chacko kutoka Kerala, hao ni George na Yakobo waliofika kwa njia ya Wakristo wa kale wa Kisiria.

Kwa Waislamu wa India, msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Rais wa zamani A. P. J. Abdul Kalam, Mtamil, alikuwa mtoto wa Jainulabdeen. Soma hiyo J kama Z na utamwona Zainul Abidin wa mtaani kwenu.

Usijaribu kumkisia mtu dini kwa kipande kimoja cha jina. Alidina Visram, tajiri wa Kikhoja aliyetandaza maduka kutoka Bagamoyo hadi Uganda, alikuwa Muislamu wa Kiismailia. Ali yuko wazi katika jina la kwanza, lakini Visram ni neno lenye mzizi wa Kisanskriti: pumziko. Makhoja walibaki na majina mengi ya namna hiyo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja lugha moja, au mbili zinazoshindana, ambamo jina linaweza kuwa limezaliwa.

## Hatua ya 3: Pata maandishi ya asili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Herufi zetu hazionyeshi irabu fupi na ndefu, na katika lugha za India irabu ikirefuka neno linakuwa jingine kabisa.

Tazama राम na रमा. Zina alama zile zile tatu: र (ra), म (ma), na kale kamstari ka wima ा kanakorefusha "a". Katika la kwanza kamstari kamekaa katikati: Raama, shujaa wa Ramayana, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu. Katika la pili kamesogea mwisho: Ramaa, jina mojawapo la Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Kwa herufi zetu wote wawili ni "Rama". Mwanamume na mwanamke, na kilichowatenganisha ni kamstari kalikohama nafasi moja. (Kuanzia hapa nitaandika "aa" na "ii" pale irabu ndefu inapohusika.)

Kwa sisi wa Kiswahili kuna mtego zaidi, kwa sababu masikio yetu yamezoea Kiarabu. Majina haya ndiyo yanayoangusha watu:

Asha. Kwetu linatokana na Aisha. Kwa Mhindu ni आशा, Kisanskriti, "tumaini". Mwimbaji Asha Bhosle ni Tumaini.

Kamal na Kamala. Kamaal wa Kiarabu ni ukamilifu, ndugu wa neno letu "kamili". Kwa Devanagari ni कमाल. Kamal wa Kisanskriti ni कमल, bila kamstari, na maana yake ni yungiyungi. Kamala Harris, ambaye mama yake alitoka Tamil Nadu, amebeba hilo ua. Akina Kamala wa Kagera hawamo katika habari hii hata kidogo.

Leela. Laila wa Kiarabu ni usiku. Liilaa wa Kisanskriti ni mchezo, hasa mchezo wa miungu. Ukitaka usiku kwa Kisanskriti, tafuta Nisha.

Samir. Kiarabu: mwenzi wa mazungumzo ya jioni. Kisanskriti, Samiira: upepo mwanana. Familia zote mbili zinaweza kuishi jengo moja.

Namna ya kupata maandishi: kama ni mtu maarufu, fungua makala yake kwenye Wikipedia, ingia upande wa lugha nyingine, chagua Kihindi, na unakili kichwa cha makala. Kama ni mtu wa kawaida, mwombe aandike kwa mkono au akutumie kwa simu. Kadi ya harusi ya familia ni chanzo kizuri kuliko pasipoti, kwa sababu huchapwa kwa lugha yao.

Angalizo la kwanza: usiamini tahajia ya Kilatini hata kidogo. Watu huongeza herufi kwa ushauri wa wapiga ramli wa namba, kwa hiyo "aa" au "ee" kwenye kitambulisho huenda haina uhusiano na matamshi.

Angalizo la pili: maandishi ya Kitamil hayatenganishi k na g, wala t na d. Gandhi kwa Kitamil huandikwa காந்தி, herufi ambazo zingeweza kusomwa pia "Kaanti". Kwa jina la Kisanskriti lililoko kwa Watamil, tafuta pia lilivyoandikwa kwa Kihindi.

Umefaulu ikiwa: unajua urefu wa kila irabu.

## Hatua ya 4: Ondoa lafudhi ya mkoa

Jina moja la Kisanskriti huvaa nguo tofauti kila mkoa. Lirudishe kwenye umbo lake la msingi:

- Kihindi na Kigujarati hudondosha "a" fupi ya mwisho: Raama huwa Ram.
- Watamil huongeza -an: Raman, Krishnan. Watelugu wana -ayya, kama Ramayya.
- Wapunjabi hugeuza Indra kuwa -inder: Narinder ni Narendra, Surinder ni Surendra.
- Wabengali hugeuza v kuwa b: Vimal huwa Bimal, Ravi huwa Rabi.
- Kusini "th" mara nyingi ni t ya kawaida: Latha ni Lata, Geetha ni Gita.

Umefaulu ikiwa: umepata umbo ambalo mtu wa Gujarat na mtu wa Chennai wote wangelitambua.

## Hatua ya 5: Kata jina vipande

Majina mengi ya Kisanskriti yameunganishwa kwa vipande viwili au vitatu. Ukijua vipande kumi na tano hivi, unaweza kusoma mamia ya majina bila kamusi.

Kikwazo ni kwamba vipande vinapokutana, irabu huyeyuka. Mswahili asiogope: sisi wenyewe tunasema meno kutokana na ma-ino, na meko kutokana na ma-iko. Kisanskriti hufanya vivyo hivyo, a + i = e. Kwa hiyo nara (mtu) + indra (mkuu) = Narendra, mkuu wa watu. Dina (siku) + iisha (bwana) = Dinesh, bwana wa mchana, yaani jua. Gana (kundi) + iisha = Ganesh. Uma, mke wa mungu Shiva, + iisha = Umesh, ambaye ni Shiva mwenyewe. Na a + u = o: purusha (mtu) + uttama (bora) = Purushottam.

Vipande vya mwanzo vya kukariri:

- a- au an-, "bila": Ashok (bila huzuni), Ajay (asiyeshindwa), Amar (asiyekufa), Abhay (asiye na hofu), Anant (asiye na mwisho).
- nir-, pia "bila": Nirmal, bila uchafu.
- su-, "-ema": Sushil (mwenye tabia njema), Sumitra (rafiki mwema).

Vya mwisho:

- -ja, "aliyezaliwa na": Pankaj (tope), Neeraj (maji), Saroj (ziwa), Manoj (akili), Girija (mlima).
- -naath, bwana, mlinzi: Jagannath, bwana wa ulimwengu.
- -daas, mtumishi: Mohandas, mtumishi wa Mohan, yaani mungu Krishna mwenye kuvutia.
- -datta, aliyetolewa na: Devadatta. Hapo ndipo "zawadi ya Mungu" ya kweli ilipo.

Sasa jaribu Rabindranath, jina la Tagore, mshairi wa Kibengali aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Hatua ya 4 inageuza b kuwa v: Ravindranath. Kata: ravi (jua) + indra + naath. Bwana wa majua, kwa kifupi.

Kuna ukataji mwingine usioonekana: binti wa mtu hupata irabu ya kwanza iliyorefushwa au kubadilishwa na -ii mwishoni. Katika Ramayana, mfalme Janaka alimlea Sita, basi Sita ni Jaanakii. Binti wa Drupada ni Draupadii. Binti wa mlima, parvata, ni Paarvatii. Ukiona Janki au Parvati, tafuta baba.

Majina ya Kalasinga hukatika kirahisi zaidi: Har (Mungu), Gur (guru), Man (moyo), Sukh (raha) mbele, -preet (upendo), -jeet (ushindi), -deep (taa), -meet (rafiki) nyuma. Harpreet, Gurdeep, Sukhjeet. Huvaliwa na wanaume na wanawake sawasawa, na ni Singh au Kaur itakayokuambia. Usitafute sarufi ngumu humo.

Kitamil kina vipande vyake: muthu (lulu), malar (ua), vizhi (jicho), selvi (binti mwenye neema). Malarvizhi ana macho ya ua. Ukiyapeleka majina haya kwenye kamusi ya Kisanskriti utarudi mikono mitupu, au mbaya zaidi, utarudi na neno linalofanana kwa bahati.

Angalizo: si kila A ya mwanzo ni "bila". Arjun halikatiki, ni neno zima, "mweupe, mng'avu". Kama kipande kinachobaki si neno, acha kukata.

## Hatua ya 6: Sasa fungua kamusi

Nakili umbo la Devanagari, liweke kwenye kamusi, na usome maelezo yote mpaka mwisho. Kamusi ya Monier-Williams huorodhesha maana kwa wingi, na mara nyingi husema wazi kwamba neno ni jina la mungu au la mtu fulani.

Kipimo cha kazi yako ni jina Aarav, linalopendwa sana na wazazi wa siku hizi. Kurasa za majina ya watoto husema ni "amani" au "utulivu". Kamusi inasema aarava ni sauti, kelele, ukelele. Karibu kinyume. Wazazi wakilipenda wako huru nalo, ila usiandike "amani" ukidai ni Kisanskriti.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuonyesha ukurasa wa kamusi wenye neno lenye irabu zile zile ulizozipata hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Tafuta nani anatajwa

Kamusi ikisema Pankaj ni "aliyezaliwa topeni", usimpelekee mtu habari hiyo hivyo hivyo. Ua la yungiyungi humea topeni na kutoka safi, na Pankaj, Neeraj, Saroj yote ni majina ya ua hilo. Krishna ni "mweusi", rangi ya mungu anayependwa kuliko wengi. Manoj ni jina la Kaama, mungu wa mapenzi, anayezaliwa akilini. Girija ni Parvati.

Kwa hiyo kila jina lina majibu mawili: vipande vinasema nini, na nani anakusudiwa. Yaandike yote mawili.

## Hatua ya 8: Uliza kwa nini yeye aliitwa hivyo

Kwa desturi ya Kihindu, anga hugawanywa katika vituo 27 vya mwezi, kila kimoja robo nne, na kila robo ina silabi ya kuanzia jina la mtoto, jumla silabi 108. Jina la mtoto aliyezaliwa chini ya kituo cha Ashwini huanzia Chu, Che, Cho au La kutegemea robo. Kwa Wagujarati, anayetamka jina ni *foi*, dada wa baba. Ndiyo maana nilisema utafute shangazi. Kwa Kalasinga, kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, hufunguliwa, na herufi ya kwanza ya shairi linalojitokeza ndiyo ya jina.

Wakati mwingine sababu haimo kwenye kamusi yoyote. Kachra ni takataka: mtoto aliyefuata waliokufa, akaitwa hivyo ili jicho baya limpite. Bhikha ni "aliyeombwa". Sisi wenye akina Mashaka na Tabu hatuhitaji kuelezwa sana. Mangal anaweza kuwa "heri", au akawa Jumanne wao, aliyezaliwa siku ya sayari Mars; uliza siku aliyozaliwa. Na M. K. Stalin, aliyekuja kuwa waziri kiongozi wa Tamil Nadu, alizaliwa tarehe 1 Machi 1953, siku nne kabla ya Joseph Stalin kufariki, na baba yake akampa jina hilo.

Angalizo: usiulize ukoo kwa lengo la kujua tabaka. Majina mengi ya ukoo hufichua tabaka, na kuna watu waliolifuta la kwao makusudi.

## Rekodi iliyokamilika inavyoonekana

Tuseme umeanza na "Rameshbhai Patel", na shangazi yake amekujibu:

- Jina: Ramesh (*bhai* na Patel vimeondolewa)
- Lugha: Kisanskriti, kupitia Kigujarati
- Maandishi: રમેશ, kwa Devanagari रमेश
- Vipande: Ramaa + iisha
- Maana ya vipande: bwana wa Ramaa
- Anayetajwa: Vishnu, mume wa Lakshmi
- Sababu ya familia: alizaliwa chini ya Tula, nyota ya Mizani, ambayo kwa Wagujarati huchukua R na T, foi akachagua R

Ona kwamba mwanzo wa jina ni Ramaa wa kike. Aliyeruka hatua ya 3 angeandika "bwana wa Rama" na kumchanganya na shujaa wa Ramayana. Mstari ambao hukupata jibu lake uache wazi, uurudie ukimpata mtu wa kumwuliza.